Masera na Pikapu Iliyofungwa Maisha

Kati ya gereji ya masista na chumba chetu cha kuzalishia kulikuwa na ukuta mmoja wa matofali, na juu ya ukuta huo ndipo tulipojuana, kwa kugombana. Nilikuwa na mama aliyekaribia kabisa kujifungua, na upande wa pili nyundo ilikuwa inapigwa kama vile kuna mtu anang'oa reli. Nikatoka nje nikapaza sauti.

"Ninyi wa gereji! Huku kuna mutu anazaa!"

Nyundo ikanyamaza. Kichwa kikachomoza juu ya ukuta: kitambaa cheupe cha utawa, miwani iliyofungwa kwa waya, na shavu moja lenye grisi.

"Na yeye apunguze kelele," kichwa kikasema. "Wanafunzi wangu hawanisikii."

Niliporudi ndani nilimkuta yule mama, katikati ya uchungu wake, anacheka, na mtoto akatoka katika kicheko hicho. Kesho yake kichwa kilirudi juu ya ukuta.

"Mama Mukunga, ule mutoto alitoka?"

"Alitoka."

"Basi vizuri. Lakini na wewe ulipiga kelele."

Hivyo ndivyo alivyoomba msamaha miaka yote niliyomjua.

Kalemie, mji wetu wa bandari kando ya ziwa, ina masista wengi na kila mmoja ana jina lake. Yeye aliitwa Masera tu, neno letu la kumwita sista yeyote. Ukimwambia mtu wa pikipiki "nipeleke kwa Masera," hakuuliza yupi. Alifundisha ufundi wa magari, wavulana kwa wasichana, katika gereji ya bati iliyokuwa njiani kuelekea Katanika, na juu ya kanzu yake ya utawa alivaa aproni aliyoishona kutoka suruali kuukuu za jinzi. Mfuko wa kushoto ulikuwa na rozari. Wa kulia ulikuwa na karanga mbichi, na karanga hizo alizitafuna mchana kutwa, hata akiwa amelala chini ya lori.

Aliogopa damu. Jambo hili lilinichekesha sana, mtu anayeweza kuingiza mkono mzima ndani ya injini ya moto. Siku moja nilimwita aje atengeneze taa ya chumba cha kuzalishia. Akaona beseni lililokuwa bado halijamwagwa, akakaa chini sakafuni, rangi imempotea. Tukampepea na kadibodi. Alipozinduka alikasirika kwamba tumemwona. "Mutaniambia nini," akasema, "mimi sikuapa kwa Mungu nitaangalia damu."

Neno alilolisema zaidi lilikuwa "onesha". Mwanafunzi akija kusema breki zimepona, Masera hakumpongeza. Alisema, "Onesha." Mtu wa biro, yaani wa ofisini, akisema mafuta yameisha kwa sababu safari zilikuwa nyingi, "Onesha." Hata padri alipomwambia kwamba kanisa limekwisha kuombea gereji yake, alimtazama kwa juu ya miwani, na sisi tuliokuwa karibu tukaomba moyoni asiseme. Hakusema. Lakini midomo ilicheza.

Na hakuvumilia kusikia kitu kilichovunjika kikiitwa mapenzi ya Mungu. Shofere mmoja alileta gari ambalo gurudumu lake lilichomoka karibu na daraja la Lukuga, na akaanza hadithi yake kwa kusema Mungu hakupenda. Masera alikuwa ameshika spana, akaiweka chini kwanza, nadhani ili asiitumie. "Usimutwike Mungu bolti yako," akasema. "Yeye hakukuomba umuachie kuikaza."

Basi mtu wa namna hiyo, ungefikiri anaendesha gari vizuri. Hapana. Aliendesha vibaya kuliko wote. Ambriyaje, ile pedali ya kubonyeza kabla ya kubadili gia, ilimshinda kabisa. Gari lilitoka getini likirukaruka, mashoferi wakasimama kutazama, na vitesi, kama tunavyoziita gia huku kwetu, vililia mpaka kwenye wodi. Mashoferi walisema wazi kwamba ndiyo sababu alipenda sana habari za magari yasiyo na vitesi. Mmoja alimwambia hata usoni.

"Ndiyo," Masera akajibu. "Vilinishinda. Lakini mashine ikiweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi na wewe, kwa nini tuendelee kuumiza watu?"

Kuumiza watu hakusema kwa kupamba. Mimi ndiye niliyemwingizia jambo hilo. Nilimwambia siku moja, tukiwa tumeegemea ukuta wetu kila mtu upande wake, kwamba mama mwenye uchungu anayeletwa kutoka vilimani nyuma ya pikapu anateseka zaidi kwenye mlima kuliko kwenye mashimo. Shimo unaliona linakuja, unamshika. Lakini shofere anapobadilisha vitesi mlimani, gari linalegea, kisha linavuta kwa nguvu, na mama aliyelala nyuma anasukumwa, anavutwa, anasukumwa.

"Onesha," akasema.

Nikadhani ni mdomo tu. Kesho yake alipanda nyuma ya pikapu ya masista, akalala chali juu ya godoro letu la wagonjwa, akajifunga khanga tumboni, akamwambia shofere apande mlima na ashuke, kisha apande tena. Watu wa Katanika walisimama barabarani kumtazama sista amelala garini kama maiti, macho wazi. Aliporudi alishuka akishikilia ubavu wa gari. Alikaa kwenye ngazi zetu muda mrefu bila kutafuna karanga.

"Kila akigusa vitesi, ni kama mutu anakupiga teke," akasema. "Na ninyi munawaleta hivi kila siku? Na hakuna mutu anapiga kelele?"

Kuanzia siku ile hasira yake ilipata kazi.

Alikuja kwetu na faneli nne za mawese na ukanda wa mpira alioukata kutoka tyubu ya baiskeli. Wajawazito walikuwa wamejaa kwenye benchi wakingoja zamu, naye akawafanya darasa bila kuwauliza. Akaziweka faneli mbilimbili, midomo myembamba ikitazamana, akazichomeka kwenye vijiti viwili, na ukanda akauzungusha katikati. Ukizisogeza faneli za kijiti hiki zikaribiane, ukanda unapanda, mzunguko unakuwa mkubwa. Upande wa pili zinaachana, ukanda unazama, mzunguko unakuwa mdogo. Hapakuwa na meno wala kuruka kutoka moja kwenda mbili. Ukanda uliteleza kidogo kidogo, na kijiti kikazunguka kwa kasi zaidi, bila mtu kuhisi ni wapi kimebadilika.

"Bwate ya magari njo hivi sasa," akawaambia akina mama. Bwate ni lile sanduku la gia, na "njo" kwetu ni "ndiyo". "Ukanda wake ni wa chuma. Magari madogo ya kutoka Kigoma mengi yako nayo. Kesho itaingia kwenye pikapu kubwa, za kuvuta mizigo mizito. Mutapanda mulima, mutashuka, na mutoto tumboni hatajua."

Mama mmoja akauliza kama hiyo kesho itafika kabla yeye hajazaa. Watu wakacheka. Masera hakucheka. Alitazama tumbo la yule mama kana kwamba anapima muda.

Mashoferi waliokuja gerejini kwake walimpinga, na kwa haki. Mkubwa wao alikuwa shofere wetu wa kituo cha afya, mzee mpole tuliyemwita Papa Shofere. Alimwambia ukanda ni ukanda, hata ukiwa wa chuma. Uutwike mzigo mzito mlimani, utateleza, utachemka, utakatika. Masera alikubali. Hilo nalo lilikuwa tabia yake: alikuwa anapigana nawe mpaka unachoka, kisha anasema, "Hapo uko na haki," na kuendelea kupigana kutoka mahali pengine. Ukanda peke yake hautatosha kwa pikapu kubwa, alisema, lakini wenye akili hawajalala. Matrakta makubwa ya mashambani yamekwisha kuacha vitesi. Yanachanganya meno na mafuta yenye presha, na yanalima. Wengine wanatumia umeme. Njia itapatikana. "Swali si kama itakuja," alisema. "Itakuja. Swali ni kama itatukuta tunajua kuifungua, ao itatukuta tunaipigia makofi."

Ilikuja mapema kuliko yeye mwenyewe alivyotazamia.

Mradi mmoja wa afya, jina silitaji, ulileta pikapu kubwa ya majaribio, nyeupe, pana, na ndani yake hakuna vitesi. Ilishushwa bandarini mchana, na siku ya kukabidhiwa tuliitwa wote uwanjani. Shefu wa mradi, kijana mwenye adabu na shati lililonyooshwa, alitueleza kwamba gari hili ni la kesho, kwamba sisi tumechaguliwa, na kwamba bwate yake haihitaji kuguswa kabisa. Mafuta yake yametiwa kiwandani na kufungwa kwa maisha.

"Maisha ya nani?" Masera akauliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka, shefu naye akacheka kwa heshima. Masera alikuwa hachekeshi. "Ninauliza. Maisha ya gari, ya shofere, ao ya mugonjwa?"

"Masera, ya bwate. Haifunguliwi. Ikifunguliwa, garanti inaanguka."

"Kwa barabara ya wapi walihesabu hayo maisha?"

Shefu akasema maswali yatajibiwa baadaye. Tukapiga makofi.

Hata hivyo alilipenda gari lile, siwezi kumsingizia. Safari ya kwanza alipanda nyuma tena, akalala chali, na tulipofika juu ya mlima nilimwona anafuta miwani yake, akiisingizia vumbi. Hatukusukumwa. Injini ilinguruma kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, kiasi kwamba Papa Shofere aliona aibu, akidhani gari limekwama wakati linakwenda. Kwa majira mazima ya kiangazi nilileta akina mama kutoka Katanika na kutoka vijiji vya mbele wakiwa wamelala, na mara ya kwanza katika kazi yangu nilifika hospitali kuu na mama aliyesinzia.

Lakini gari moja jeupe lenye nguvu halikai bila kutamaniwa. Mradi ukaanza kulipakia saruji ya vyoo. Kisha mabati. Kisha wakalifungia trela ya magunia ya unga, kwa sababu walisikia ni gari la kazi nzito. Kila lilipopita mbele ya gereji na mzigo huo, Masera alitoka kusimama barabarani, mikono kiunoni. Alimfuata shefu bironi kwake. Mimi nilikuwepo.

"Shefu, nioneshe mafuta ya bwate."

"Haifunguliwi, Masera."

"Inachemka. Ninaisikia harufu ikipita. Unajua harufu ya mukate umeungua? Njo hiyo."

"Nitaandika kwa watu wa ufundi."

"Wako wapi?"

Akataja mji wa ng'ambo ambao siukumbuki. Masera akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mvua zilikuwa zimeanza tulipomchukua mama mmoja wa Katanika. Alikuwa amekimbia vita na watoto wake, akakaa kambini chini ya turubai, na mimba hii ilikuwa ya kwanza tangu afike. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Hilo si jambo la kutisha kama hospitali iko karibu na gari lipo, na gari lilikuwepo. Tukampandisha mapema mchana, jua linawaka kati ya mvua mbili. Kwenye mlima wa mwisho, kabla ya kuteremkia mjini, taa nyekundu ikawaka mbele ya Papa Shofere. Injini ikalia kwa nguvu, lakini magurudumu hayakusikia. Gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu, naye akalizuia kwa breki. Moshi mdogo, na ile harufu ya mkate.

Papa Shofere alishuka, akalizunguka gari, akarudi. "Mama Mukunga, sina cha kubonyeza," akaniambia. "Gari yenye vitesi ningeitia ya kwanza, ningepanda polepole. Hii haina kitu cha kushika." Machozi yalikuwa yanamtoka, mzee mzima. Tukasimamisha pikipiki, lakini mama hakuweza tena kukaa juu ya pikipiki. Nikamzalisha hapo hapo, nyuma ya gari jeupe, watu wamegeuka migongo kutusitiri na vitenge. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alikuwa amechoka mno. Nilifanya yote ninayoyajua, kisha nikarudia tena yote.

Nilipofika kituoni jioni ile sikwenda kuoga. Nilikwenda moja kwa moja gerejini. Masera alikuwa amekwisha kupata habari. Alikuwa amesimama katikati ya gereji, mikono imening'inia.

"Wewe njo ulituambia hii ni gari ya kesho," nikamwambia. "Wewe njo ulitwambia mutoto tumboni hatajua. Kweli. Hakujua kitu."

Nilitegemea anijibu. Nilitaka anijibu, nipate mtu wa kugombana naye. Akakaa juu ya tairi, akaegemeza kichwa ukutani, kwenye ule ukuta wetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikusikia neno lolote kutoka kwake.

Alilipata neno lake wiki iliyofuata, katika mkutano. Shefu alisoma maelezo: gari limeshindwa kutokana na hali ya barabara, teknolojia hii bado si ya huku, litahifadhiwa chini ya hangari ya mradi mpaka fundi wa kiwanda apatikane, mtu yeyote asiliguse. Wakubwa wakatikisa vichwa. Masera akasimama, na hakuomba ruhusa.

"Barabara ilikuwepo kabla ya gari," akasema. "Ninyi mulileta gari kwa barabara gani, ya mbinguni? Munasema si ya huku. Huku njo kuna milima. Huku njo kuna matope na mizigo mizito. Gari ya mizigo mizito kama si ya huku, ni ya wapi? Gari haina kosa. Mulilipakia kama lori, mukalinyima mafuta mapya, mukafunga kifuniko mukaandika maisha. Na yule mutoto, yeye alifungiwa maisha gani?"

Mwenyekiti wa mkutano alisema tushukuru wafadhili wetu. Tukashukuru. Nilipiga makofi na mimi, mikono yangu inanuka hasira.

Gari likakaa chini ya hangari. Miezi ikapita, fundi wa kiwanda hakuja, na wagonjwa wakarudi kwenye pikipiki, mama mbele, mimi nyuma nimemkumbatia. Wakati huo Masera alikuwa akimsumbua mama mmoja mfanyabiashara, Mubembe wa pwani ya kaskazini anayekwenda Kigoma na samaki wakavu, amletee mafuta ya aina ile ile ya bwate. Mara ya kwanza alileta mafuta ya injini. Masera akamrudisha bandarini, wakatukanana kwa upendo. Mara ya pili akaleta yenyewe.

Jumapili iliyofuata, misa ilipotoka, Masera hakwenda kula. Alitembea na wanafunzi wake hadi kwenye uzio wa mradi, na nyuma yake walikuja akina mama wa Katanika, wengi, na yule aliyefiwa yumo, amevaa kitenge kisafi. Mlinzi aliwatazama akafungua geti mwenyewe. Akina mama wakakaa chini kuizunguka pikapu, migongo nje, nyuso ndani. Masera akaingia chini ya gari na kanzu yake ya misa.

Shefu alikuja anakimbia, simu mkononi. Hakupiga kelele. Alichuchumaa karibu na miguu ya Masera iliyokuwa inaonekana, akasema kwa sauti ndogo, "Masera, nitapoteza kazi."

Sauti ikatoka chini ya gari. "Huyu mama alipoteza mutoto. Kaa naye hapo, muzungumze, mimi niko na kazi."

Naye akakaa. Sijui walizungumza nini, lakini alikaa.

Mafuta yalitoka meusi kama kahawa iliyochemshwa mara nyingi, na ndani yake unga wa chuma uliometameta. Masera aliutia kwenye kiganja akatuonyesha sote, mmoja mmoja. Ukanda wa chuma wa ndani haukukatika, ulikuwa umechunwa. Aliosha alichoweza kuosha, akatia mafuta mapya, na katika kufunga akakata waya mmoja mwembamba ambao hakuna aliyejua kazi yake, kwa hiyo taa nyekundu haikuzimika tena kamwe. Hakuficha. "Hapa nimeharibu mimi," akawaambia wanafunzi. "Muandike vichwani." Lakini gari likawaka, likatembea. Halikuweza tena kuvuta trela, hata magunia lilikataa. Mama mmoja na mkunga wake liliwabeba mlimani, polepole, kwa sauti moja.

Lilitubeba kwa muda mfupi. Kisha watu wa mradi wakaja na karatasi zao, wakalipandisha kwenye bato, ile meli ya ziwani, na kuliondoa, kwa sababu lilikuwa limefunguliwa na asiyeruhusiwa. Gari lililolala bovu kwa miezi halikuwa na mwenyewe. Lilipotembea tu, likapata wenyewe. Mpaka leo nikilisimulia hili sauti yangu inabadilika, na sitaki isibadilike.

Masista wakubwa wakamwambia Masera amezeeka na anahitaji kupumzika. Gereji akapewa mwingine, mwenye adabu, anayefundisha vitesi vya zamani kama vilivyo kwenye programu. Yeye wakampeleka kwenye nyumba yao ya wazee, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Alitii. Alisema alikuwa ameapa kutii, lakini hakuapa kunyamaza.

Mwaka huu mradi mwingine umetuletea pikapu nyingine, kubwa zaidi, isiyo na vitesi, na watu wanasema hizi sasa zitaenea kila mahali. Safari hii mkunga mkuu ni mimi, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu kuipokea. Walipouliza kama tunaahidi kwamba bwate haitaguswa na mtu wa hapa, nilitazama benchi lililojaa matumbo, nikasema tunaahidi.

Nikaenda kumwonyesha Masera. Nilitaka afurahi. Nilimkuta barazani, amepungua, fimbo katikati ya magoti. Alilitazama gari, akanitazama mimi.

"Nani hapa ana ruhusa ya kuifungua?"

"Hakuna, Masera."

"Na wewe ulikubali."

"Ulitaka niseme nini? Niwarudishie? Nirudi kwenye pikipiki na akina mama?" Sauti yangu ilipanda. "Wewe uliweza kukasirika kwa sababu mimi njo nilibaki nikiwazalisha!"

Sista mmoja akachungulia dirishani. Masera aligonga fimbo sakafuni. "Hapo uko na haki," akasema. Kisha: "Nipeleke."

"Wapi?"

"Popote munapokwenda. Ninataka kuisikia ikipanda."

Tulikuwa na mama wa kumchukua kijijini, kwa hiyo tukaenda naye, Papa Shofere kwenye usukani, Masera pembeni yake akimwamuru njia nzima ambayo yule mzee anaijua tangu ujana. Tulimleta yule mama hadi kituoni salama, na akajifungua jua likiwa bado juu, msichana mwenye mapafu mazuri. Nilipotoka nje kumpa Masera habari sikumwona garini. Niliona fimbo yake imelazwa mchangani, na karibu nayo miguu ya Papa Shofere ikitokea chini ya pikapu. Masera alikuwa ameketi kwenye mchanga kando ya gurudumu, ameinamisha kichwa, anamwelekeza mahali pa kuweka spana.

"Si ile kubwa ya chini. Ile ndogo ya ubavuni. Ilegeze tu, tuone rangi." Akaniona. "Mama Mukunga, lete beseni. Safi. Kila tone litarudi ndani."

"Masera, niliahidi."

"Ninajua."

Ndani, mtoto alikuwa analia kwa nguvu. Nikaingia, nikachukua beseni lililochemshwa kwa ajili ya mama wa zamu inayofuata, nikatoka, nikapiga magoti na aproni yangu nyeupe, nikalisukuma chini ya gari. Bolti ikalia, ikalegea. Uzi mwembamba wa mafuta ukateremka. Gari lilikuwa halijamaliza hata msimu mmoja wa mvua, na mafuta yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia.

Masera alichovya kidole, akanusa. Hakushangilia. "Mapema hivi," akasema. "Umuite shefu wao kesho aje aone. Akikuuliza nani alifungua, mwambie ni Masera muzee, akili zimepungua."

"Hapana," nikasema. "Nitamwambia ni mukunga."

Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Basi shika beseni vizuri," akasema. "Unamwaga."